Kelele za Utani

Mimi Kibwana, fundi baiskeli wa Mji Mpya, Morogoro, nimewahi kumvunja mtu taya kwa spana namba kumi na saba na sijamwomba radhi mpaka leo. Nimempiga mwenye mashine ya kusaga kwa pampu. Nimemtupia mteja fremu yake mgongoni kwa sababu aliniita kijana. Hasira zangu zinajulikana mpaka Kingolwira, na wake wawili wameondoka kwangu kwa ajili ya hizo hasira, mmoja wao akiwa na haki kabisa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba mimi ni laini wa moyo na machozi yangu yako karibu. Kilichomuua Rehani sikukifanya kwa hasira. Nilikifanya siku niliyokuwa na furaha kuliko siku zote za mwaka ule.

Rehani alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na mimi ni Mluguru, na sisi ni watani tangu babu zao walipopita kwetu na mizigo ya pembe kichwani. Asiyejua utani angetuona wendawazimu. Mtani anaingia kwako na kufunua chungu bila kukaribishwa, anakutukana mbele ya mkweo, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Rehani alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda kimoja cha serikali kwa miaka kumi na minane, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa mwaka wa tisini na mbili. Wiki ile ile alikuja kibandani kwangu, nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa na mfuko wa tupa begani. "Mtumwa wangu," akasema, "nimekuja kula urithi wa babu." Nikamwambia mpagazi hana urithi ila kipara alichochubuliwa na mizigo, kisha nikampa kigoda. Hakukiacha tena.

Basi ikawa kila akigusa nyundo yangu napiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo! Mnyamwezi kaiba!" Naye anakimbia na nyundo kuzunguka mashine, anajibu: "Nimeiba kwa mtumwa wangu, hakuna kesi!" Wanawake waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi wanadakia, "Mkamateni! Mchomeni!" huku wamejishika mbavu. Mtaa wetu ulizoea. Siku tukikaa kimya, mtu anakuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Lakini ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa kuingia, kikaingia: redio kaseti, viatu vya mitumba, mabati, saa za plastiki, na watu nao wakaingia kutoka kila pembe ya nchi kuja kuviuza. Soko jipya liliota chini ya mtaa wetu kwa muda wa miezi michache, limejaa vijana ambao hakuna aliyejua baba zao. Waliokuwa na kazi walipunguzwa, na waliopunguzwa waliibiwa hata kile kidogo walichobakiza. Ndipo watu wakaanza kuua wezi mchana kweupe. Nilishuhudia mmoja karibu na reli, ameshikwa na kuku wawili, watu wakampiga mpaka mwili wake haukujulikana mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Sikusimama. Nilikuwa na tairi la mteja begani, nikapita. Hilo nalo liandikwe.

Mwaka wa tisini na nne, mwanzoni mwa kiangazi, mzee Leonard alishuka kutoka Mgeta juu ya lori la kabichi akiwa na gunia refu. Alikuwa mkulima wa karoti na kabichi, Mkatoliki wa kizazi cha misheni, mtu wa maneno machache. Nikamwamkia, akaitikia, akakata kamba ya gunia. Ndani mlikuwa na baiskeli.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Baiskeli zetu ni za chuma cheusi, nzito, za kubebea mkaa. Hii ilikuwa ya alminiamu tupu, nyeupe chini ya uchafu, na mabomba yake hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa na pembe nane kama penseli. Hakukuwa na mahali hata pamoja palipochomelewa: kila bomba liliingia kwenye kikombe cha alminiamu, na kikombe kikabanwa kwa skrubu mbili. Ilikuwa na madigadi yaliyogongwagongwa kwa nyundo ndogo, karia mbele na nyuma, gia tatu, na hendeli iliyopinda kama pembe za beberu. Leonard alisema padri mmoja wa Kizungu aliizunguka nayo milima yote kabla ya uhuru, akilala vijijini, mzigo mbele na mzigo nyuma, kwenye njia ambazo punda angeshauriana kwanza na mwenzake. Alipoondoka alimwachia mpishi wake, yaani baba yake Leonard. Ukuta wa banda la nguruwe ukaja kuiangukia. Bomba la chini lilijikunja, kikombe cha chini ya hendeli kikapasuka, na skrubu zote ziligandana kwa unga mweupe wa kutu.

"Nataka niipande mwenyewe," Leonard akasema, "kabla magoti hayajagoma."

Siku tatu nilipigana na zile skrubu kwa mafuta ya taa na matusi. Siku ya nne nikachoka. Rehani alikuwa ameenda msalani. Nikawasha gesi ya kuchomelea ili nilipashe lile bomba lililojikunja, linyooke. Mimi nimelelewa na chuma. Chuma kinakwambia: kinakuwa chekundu, kinakuwa rangi ya chungwa, unajua sasa kimeiva. Nikasubiri wekundu. Haukuja. Nikaongeza moto, nikasogea karibu, nikasubiri tena, na sikio la kikombe cha juu likadondoka chini tone moja zito kama uji.

Rehani alirudi akaona. Alinizaba kofi lililonizibua sikio, nikampiga kichwa cha pua, tukaviringishana kwenye pumba za mahindi. Nilimng'ata bega. Yeye alinikaba koo kwa cheni mpaka nikaona nyota, na damu ya pua yake ilinidondokea machoni. Wanawake wa foleni wakatushangilia kwa zamu, hawa upande wangu, hawa upande wake, na mmoja akaacha zamu yake ya kusaga ili aone vizuri.

"Alminiamu haiivi, mjinga wewe," Rehani akasema tulipoachana, akitema damu. "Inakaa kimya, kimya, halafu inakufa mikononi mwako."

Akaomba kipande cha sabuni ya mche kwa mama mmoja pale, akalipaka lile bomba lote. Akapitisha moto kwa mbali, akiupeleka na kuurudisha kama mtu anayepiga pasi. Sabuni ikawa kahawia, kisha nyeusi, ndiyo ikamwambia kwamba moto umetosha. Hapo hapo akazima gesi. Bomba lilipopoa alilinyoosha kwa mikono juu ya gogo la mti laini, taratibu, likatii. "Miaka kumi na minane kiwandani," akasema, "na kiinua mgongo changu ni hiki, sabuni." Nilimpenda sana siku ile. Sikumwambia, maana huwezi kumwambia mtani kitu kama hicho. Nilimwambia pua yake sasa imekaa mahali pake.

Ile kazi ilituchukua miezi mitatu. Kikombe kilichopasuka na kile nilichokiharibu ilibidi tuvitengeneze upya. Tuliyeyusha pistoni za lori bovu, tukamimina kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Mara tatu vilitoka na matundu, na mara tatu nilivipiga nyundo vikawa vipande. Mara ya nne vilitoka vizima, na Rehani akavikalia kwa tupa siku sita, pembe nane ndani, pembe nane tena, akipima kwa ukucha. Matairi ya ukubwa ule hayakuwepo mjini. Aliyapata Dumila kwa muuza vitu chakavu vya Ulaya, akarudi kwenye lori ameyavaa shingoni. Tukaisugua baiskeli kwa majivu na limau mpaka ikawaka. Watu walikuja kuitazama, wa mtaani kwetu na hata vijana wa soko jipya, wanapitisha kidole kwenye zile pembe na kuguna. Kila mtu aliijua baiskeli ile. Kumbuka hilo.

Jumamosi, saa sita mchana, Leonard alikuja kuichukua.

"Panda, mzee," nikamwambia.

"Kwanza nimwone mwingine amepanda na hajafa," Leonard akasema.

Rehani alikuwa ameshatupa mguu. "Baiskeli ya kwanza Mluguru kuitengeneza bila kuiharibu," akasema. "Haiwezi kubaki kwake." Akapiga pedeli, akaenda. Jamani, ilikwenda! Haikutoa mlio wowote ila ule mtekenyo wa gia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, lakini mgongoni mwa baiskeli ile alikuwa kijana, shati limejaa upepo.

Nilifurahi mpaka nikajisahau. Nilitoka hadi katikati ya barabara, nikajaza kifua, nikapiga kelele kwa sauti yangu ambayo Mungu ameifanya kubwa kuliko akili yangu:

"Mwiziii! Mwizi wa baiskeli! Mkamateni Mnyamwezi huyo!"

Rehani akainua mkono mmoja bila kugeuka. "Nimeiba! Njoo uichukue!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Leonard, mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akajishikiza kwenye nguzo ya kibanda. Nikaona raha, nikarudia. Nikarudia mara ya tatu, mara ya nne, huku nakimbia hatua kadhaa kumfuata, mpaka alipokata kona ya kuteremkia soko jipya. Kisha nikarudi, nikaanza kumweleza Leonard namna ya kutia mafuta zile gia.

Mara nikasikia mtu mwingine akipiga kelele ya mwizi kule chini. Nikacheka. Nilidhani wametudakia. Wa pili akapiga, wa tatu, halafu zikawa nyingi na hazikuwa na kicheko ndani yake, na chini yake kulikuwa na mshindo, mshindo ule wa vitu vingi vinavyotua mahali pamoja. Niliwahi kuusikia karibu na reli. Nikashika spana iliyokuwa karibu nikakimbia.

Mengine niliambiwa baadaye na Hidaya, muuza nyanya, ambaye alikuwa hatua tano tu kutoka pale. Anasema kijana mmoja alichomeka mti kwenye spoku za mbele na Rehani akaruka juu ya hendeli. Alinyanyuka mwenyewe, anajipangusa, anacheka. Wakamuuliza, "Baiskeli umeipata wapi?" Akajibu kama alivyonijibu mimi siku zote: "Nimeiba kwa mtumwa wangu, hakuna kesi." Alidhani ni watu wetu. Alidhani kelele yangu imefika pale na utani wake wote. Tofali la kwanza lilimpata mdomoni akiwa bado anacheka.

Nilipofika sikumwona. Niliona migongo. Niliona mikono inapanda na kushuka, mbao za vibanda, mawe, minyororo, mwanamke mwenye mchi. Nikaingia kwa viwiko. "Mwacheni! Mwacheni!" Mtu mwenye singlendi akanishika kifua. "Wewe ni nani?"

"Mwenye baiskeli!" nikasema. Niliona hilo ndilo litakalowasimamisha. Baiskeli ilikuwa ya Leonard, lakini nilitaka wanisikilize, wajue mwenye mali hana kesi.

"Mwenye mali kafika!" yule akapaza sauti. "Mpisheni, mpisheni naye apige!"

Wakanipisha. Wallahi, walinipisha kwa heshima, njia ikafunguka mpaka miguuni pa Rehani, na mtu akaniwekea jiwe mkononi. Alikuwa ameketi chini, mguu mmoja umegeukia pasipo pake. Jicho moja halikuwepo. Lile jingine lilinitazama, na najua lilinijua. Mdomo wake ulijaribu kufanya kitu, lakini taya halikuwa tena limeshikana na kichwa.

"Huyu si mwizi," nikasema. "Ni mtani wangu. Ilikuwa utani."

"Utani na mwizi?" singlendi akauliza. "Amekiri mwenyewe!"

"Basi ni kundi moja hawa!" mwingine akasema.

Hapo ndipo nilipomvunja yule singlendi taya. Nilimpiga spana ya kwanza akakaa, nikampiga ya pili akiwa amekaa. Nilimpiga aliyekuwa nyuma yake kwenye goti na nikalisikia. Nilipiga bila kuchagua, nikasimama juu ya Rehani miguu nimeitanua, nikawatukana mama zao kwa Kiswahili na kwa Kiluguru, na kwa muda mfupi walirudi nyuma. Kisha jiwe likanipata hapa juu ya sikio, nikaanguka juu yake. Niliyapokea mapigo mengi yaliyokuwa yake, lakini yake yalikuwa yameshatosha. Polisi wawili walikuja wakapiga risasi hewani, watu wakatoweka, na soko likabaki na nyanya zilizopondwa na sisi wawili. Baiskeli ilikuwa imelala kando. Rimu ya mbele ilijikunja, ila vikombe vyetu vilikuwa vizima, havikupasuka hata kimoja. Niliviona, na nikajichukia kwa kuviona wakati ule.

Rehani alikufa hospitalini kabla ya magharibi bila kusema neno.

Mkewe, Mwaisha, alifika na kanga moja na viatu visivyofanana. Alipoambiwa hakupiga yowe. Alikuja pale nilipokuwa nashonwa kichwa, akaushika mkono wangu uliovimba akauweka kwenye paji la uso wake. "Shemeji," akasema, "wameniambia ulimlalia juu. Mungu akulipe." Nilitaka ardhi ipasuke. Nilifungua mdomo, nikamwambia atulize moyo. Woga ulinishika, mimi ambaye sijawahi kumwogopa mwanamume yeyote. Polisi waliuliza ni nani aliyeanza kupiga kelele ya mwizi. Sokoni kila mtu alisema aliisikia tu ikitokea juu. Mtaani kwetu hakuna aliyedhani swali lile linatuhusu, maana mtaani kwetu hakuna aliyewahi kupiga kelele ya mwizi kwa Rehani. Tulikuwa tunatania tu. Na mimi nikaitwa shujaa, nikaletewa uji.

Leonard peke yake hakuniletea uji. Alikuwa amelala mjini kwa sababu baiskeli ilizuiliwa kituoni. Asubuhi ya maziko alinikuta nimeketi nje ya kibanda.

"Nilikuwepo, Kibwana," akasema. "Na mimi nilicheka, na hilo nitaliungama kwa padri. Lakini sauti ilikuwa yako."

"Najua."

"Umwambie yule mama. Asije akayasikia sokoni kwa watu wenye furaha ya kusimulia. Umwambie kabla mumewe hajatoka nyumbani. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sina maneno mazuri."

"Akinifukuza?"

"Akufukuze."

Nilitembea mpaka msibani nikiwa nimeyapanga maneno. Shemeji, kelele niliipiga mimi. Maneno manne tu. Nilikuwa radhi anitemee mate, radhi kaka zake wanipige, tena niliwataka wanipige, maana mapigo nayaelewa. Nilimkuta Mwaisha ameketi mkekani katikati ya wanawake, macho makavu, anatazama ukuta. Wanawake wakaniambia kwa minong'ono kwamba tangu arudi kutoka hospitalini jana hajalia, hajala, hajasema, na kwamba mtu akikaa hivyo hupotea kabisa. Nikachuchumaa mbele yake. "Shemeji," nikasema. Akaniangalia. "Una jeraha kubwa," akasema, "umekula?" Yote niliyoyapanga yakayeyuka. Nikatoka nje nikajipiga ngumi ukutani.

Maiti ilioshwa, ikavishwa sanda, ikalazwa kwenye jeneza, likafunikwa. Wanaume wakajipanga. Ndipo mzee mmoja wa Kinyamwezi akasimama uani akauliza kwa sauti: "Mtani yuko wapi? Rehani asitoke kwake kimya kimya kama mwizi!"

Kwetu mtani ana kazi msibani, na asipoifanya ni aibu kwa marehemu. Anajilaza mlangoni jeneza lisipite. Anamsingizia maiti kila uchafu, anajisingizia na mwenyewe, anadai, anatukana, mpaka wafiwa wacheke na wamkomboe kwa kitu kidogo. Bila hivyo maiti imeondoka mikono mitupu. Na mtani wa Rehani nilikuwa mimi. Wote wakanigeukia. Nikaona Leonard amesimama kando ya ukuta, kofia mkononi, hajaondoa macho kwangu.

Nikaenda nikajilaza chali kizingitini. Ndani nilimwona Mwaisha, nje niliona miguu ya wabeba jeneza. Nikakaa kimya muda ambao mtani hapaswi kukaa kimya.

"Leo Mluguru kameza ulimi!" mwanamke mmoja akasema.

"Hatoki," nikasema. "Hatoki mpaka mnisikilize. Mnamzika huyu, na aliyemuua mmemwacha. Aliyemuua ni mimi."

Wakacheka. Kwanza wachache, kwa kujizuia, kama watu wanaoonja chumvi.

"Kelele ya mwizi niliipiga mimi!" nikasema kwa nguvu. "Jana saa sita, katikati ya barabara, kwa mdomo huu!"

"Ndiyo maana umevimba!" mwingine akadakia, na kicheko kikapanda.

"Mkamateni basi!" mzee wa Kinyamwezi akasema. "Mfungeni mtumwa wetu huyu, atulipe mbuzi!"

"Wallahi nasema kweli. Ni mimi. Mnipige. Mbona hamnipigi?"

Mtu akanipiga kwa kandambili kwenye nyayo, nyumba nzima ikaangua kicheko. Nilimtazama Mwaisha. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikajua amenielewa, analia, na moyo wangu ukapasuka na kupumua kwa pamoja. Nikageuka kifudifudi, nikajikokota mkekani mpaka miguuni pake.

"Mwaisha," nikasema taratibu, wengine wasisikie. "Sitanii."

Akainua uso. Machozi yalikuwa yanatiririka mpaka kidevuni, na alikuwa anacheka. Alicheka mdomo wazi, akamwangukia mwanamke wa pembeni, akanipiga begani kwa kiganja, akajaribu kusema akashindwa, akacheka tena. "Shemeji wewe," akasema hatimaye, anapangusa macho kwa ncha ya kanga, "wewe utaniua na mimi. Rehani angekusikia!" Kisha kicheko kikageuka kilio hapo hapo, kile kilio ambacho wanawake walikuwa wanakisubiri tangu jana, wakamkumbatia, wakaniambia, ahsante, ahsante mtani, umemwokoa.

Nikamtafuta Leonard kwa macho mlangoni. Alikuwa anamtazama Mwaisha. Akafungua mdomo, akaufunga, akavaa kofia yake na kutoka uani bila kuaga mtu.

"Mkomboeni!" mzee akasema. Mtu akanitupia kitambaa cheupe kifuani. Nilikuwa bado nasema ni mimi, sikilizeni, ni mimi. Wanaume wanne wakanishika mikono na miguu, wakaninyanyua wakicheka, wakaniweka kando ya ukuta, na jeneza likapita.